Nyumba ni Sehemu ya Dozi: Ukurutu, Mzio na Pumu katika Mtaa wa Regent Park

Ukurutu, mzio mkali wa chakula na pumu hushughulikiwa na familia nyingi kana kwamba ni maradhi matatu yasiyojuana: ngozi hupelekwa duka la dawa, chakula huachiwa mama jikoni, na kifua hukimbizwa hospitali usiku pumzi zinapobana. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba mgawanyo huo ndio unaowaponza wagonjwa, kwa kuwa maradhi haya huchipuka kwenye shina moja, hudhibitiwa katika siku ambazo mgonjwa anajiona mzima, na sehemu kubwa ya tiba yake haimo katika kopo la dawa bali imo katika hewa, kuta na vitanda vya nyumba anayoishi. Anayeyatibu bila kuitazama nyumba hutibu nusu, na mpangaji anayedai ukuta wenye ukungu ukarabatiwe anadai sehemu ya dozi yake.

Mtaa wa Regent Park, ulio mashariki ya katikati ya jiji la Toronto, unalidhihirisha jambo hilo kwa sababu historia yake yote imejengwa juu ya imani kwamba makazi bora huleta afya bora. Ujenzi wake ulianza mwaka 1948, baada ya nyumba duni za eneo la Cabbagetown kubomolewa, ukawa mradi mkubwa wa kwanza wa nyumba za umma nchini Kanada, wenye majengo ya matofali mekundu upande wa kaskazini na, miaka kumi hivi baadaye, minara ya ghorofa upande wa kusini. Majengo hayo yalizeeka, uchakavu ukauzidi nguvu ukarabati, na kuanzia mwaka 2005 mtaa mzima ukaanza kubomolewa na kujengwa upya kwa awamu chini ya Toronto Community Housing, shirika la nyumba la jiji. Wakazi wake kwa miongo mingi wamekuwa watu wa kipato cha chini na wahamiaji, wakiwemo waliotoka Somalia na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Familia ya namna hiyo hukabiliwa na maswali mawili mazito, ambayo ni kwa nini mtoto asiyewahi kubanwa kifua kwao aanze kubanwa Kanada, na kwa nini kuhamia nyumba mpya peke yake hakutoshi kuyamaliza maradhi haya.

Jibu linaanzia kwenye ngozi. Tabaka la juu la ngozi yenye afya huhifadhi maji ndani na kuzuia vitu vya nje visipenye, kazi inayosaidiwa na protini iitwayo filagrini pamoja na mafuta yaliyo baina ya seli. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Dundee, Uskoti, lilionyesha kwamba kasoro katika jeni ya filagrini huongeza sana uwezekano wa mtu kupata ukurutu, ingawa kasoro hizo zimeonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya na Asia kuliko kwa wenye asili ya Afrika, ambao ngozi yao hudhoofika kwa njia nyingine. Kwa vyovyote, ngozi ya mwenye ukurutu ni kama ukuta wa mawe uliobanduka chokaa: unyevu hutoka, na vizio, yaani vitu visivyowadhuru watu wengi lakini vinavyoamsha kinga ya mwili ya wachache, hupenya kwa urahisi. Mtoto anapojikuna, kucha humaliza kilichobaki cha kinga hiyo, na mwili hukutana na chembe za karanga, mayai au vumbi kupitia kidonda badala ya kupitia tumbo.

Njia ya kukutana ndiyo inayoamua matokeo. Kizio kinachoingia kwa ngozi iliyochubuka huelekea kuufundisha mwili uadui, ilhali chakula kinacholiwa mapema utotoni huelekea kuufundisha uvumilivu. Mwili uliofundishwa uadui hutengeneza kingamwili aina ya IgE, ambazo hukaa juu ya seli za ulinzi zilizotapakaa kwenye ngozi, utumbo na njia za hewa, na kizio kinaporudi seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa dakika chache. Zikimwagwa mahali pamoja, matokeo ni mwasho au chafya. Zikimwagwa mwili mzima, mishipa ya damu hulegea, shinikizo la damu hushuka, koo huvimba, na huo ndio mshtuko wa mzio, ambao hupewa pia jina la anafilaksisi. Katika mapafu ya mwenye pumu, uvimbe unaodumu kwa miezi huzifanya kuta za njia za hewa kuwa nene na zenye makamasi, kisha kichocheo kidogo tu hukaza misuli inayozizunguka. Ndiyo maana mtoto mwenye ukurutu mkali miezi ya mwanzo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata mzio wa chakula, kisha pumu, kisha mafua ya mzio, mfuatano ambao madaktari huuita safari ya mzio, ingawa si kila mtoto huumaliza.

Kinga ya ngozi iliyodhoofika inapokutana na majira ya Toronto, mambo hubadilika. Wakati wa baridi, hewa ya nje yenye nyuzi 10 chini ya sifuri ikiingizwa ndani na kupashwa hadi nyuzi 22 hubaki na unyevu mdogo sana, hata kama theluji inaanguka dirishani, na ngozi iliyozoea mvuke wa pwani hupasuka ndani ya wiki chache. Wakati huohuo, mvuke wa chungu kinachotokota, wa maji ya kuoga na wa nguo zilizoanikwa sebuleni huenda kugandia mahali baridi zaidi, yaani pembe ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati na ukingo wa dirisha, na huko ukungu humea. Hivyo nyumba moja huikausha ngozi na kuzilowesha kuta kwa pamoja, na mzazi anayewasha mashine ya kuongeza unyevu ili kuiokoa ngozi anaweza kuwa anaulisha ukungu unaobana kifua. Kipimo kidogo cha unyevu, kinachouzwa kwa bei nafuu, huondoa kubahatisha, kwa kuwa unyevu wa ndani ukikaa baina ya asilimia 30 na 50 ngozi hupata nafuu na utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya magodoro na mito, hukosa mazingira ya kuzaana.

Vichocheo vingine hufuata kalenda. Aprili na Mei huleta chavua ya miti, na Agosti huleta chavua ya magugu ambayo haikomi hadi baridi ya kwanza kali. Septemba ndiyo hatari zaidi kwa watoto, kwani tafiti za Kanada zimeonyesha kwamba mashambulio ya pumu yanayowafikisha hospitali hupanda kila mwaka takriban wiki mbili hadi tatu baada ya shule kufunguliwa, kwa sababu watoto hubadilishana virusi vya mafua wakati ambapo wengi wao waliacha dawa za kinga za pumu kipindi cha likizo. Juu ya hayo yapo magari ya barabara kuu ya Don Valley iliyo mashariki ya mtaa, vumbi la ujenzi, na moshi wa misitu, ambao Juni 2023 uliifanya Toronto kuwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu zaidi duniani kwa siku kadhaa. Jengo jipya halimkingi mtu na hayo yote. Jengo la kisasa huzibwa ili joto lisipotee, na lisipopumua kwa feni zake, au vichujio vyake visiposafishwa, hufungia ndani moshi, mvuke na manukato ya wakazi wenyewe.

Dhana zinazowaponza wagonjwa

Dhana ya kwanza ni kwamba mzio ni ugonjwa wa nchi baridi, usiowahusu Waafrika. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la Thorax uliwalinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a, ukakuta kwamba kubanwa kwa njia za hewa baada ya mazoezi kulikuwa kwingi zaidi mjini kuliko kijijini. Tofauti hiyo haikutokana na kuvuka bahari, kwani watoto wote walikuwa nyumbani kwao. Inaelekea ilifuata namna ya kuishi, yaani msongamano, moshi wa magari, vyumba vilivyofungwa na kupungua kwa mgusano na udongo na mifugo. Kuhamia Toronto ni kuendelea na njia ambayo miji ya Afrika Mashariki tayari inaipita.

Dhana ya pili inahusu rangi ya ngozi, na hii huwaponza hata wahudumu wa afya. Vitabu vingi vya tiba vimeueleza ukurutu kwa wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana wa zambarau, wa kijivu au wa kahawia iliyokoza, na mara nyingi hujitokeza kama vipele vidogovidogo kwenye vinyweleo au ngozi iliyonenepa kwa kukunwa. Mtoto ambaye wekundu wake hauonekani huhesabiwa kuwa na ugonjwa mwepesi, akapewa krimu dhaifu, na mama akarudi nyumbani akiamini kwamba dawa imeshindwa. Ni haki ya mzazi kumwambia daktari aiguse ngozi, si kuitazama tu, kwani joto, ugumu na mikwaruzo hueleza ukali wa ugonjwa kuliko rangi.

Dhana ya tatu ni hofu ya steroidi, nayo ina mizizi ya kweli inayostahili kuheshimiwa. Katika masoko ya Afrika Mashariki krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli zimeuzwa bila cheti cha daktari kwa wanaotaka kung'arisha ngozi, na watu wengi wamemwona ndugu au jirani ambaye ngozi ya uso wake ilikonda, ikapasuka na kutoa chunusi kwa matumizi ya miaka. Hata hivyo, kosa lilikuwa kutumia dawa kali mahali laini, kila siku, bila ugonjwa. Steroidi ya nguvu inayofaa, iliyopakwa kwenye mabaka pekee hadi yalainike, kisha ikapumzishwa, huuzima uvimbe ambao ungeendelea kuichana ngozi. Hofu hiyohiyo huhamia kwenye dawa ya kuvuta ya pumu, ilhali mpulizo mmoja wa steroidi ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu mia moja au mia mbili hivi, na kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina mikrogramu 5,000. Mgonjwa anayekwepa ile ndogo ya kila siku hujikuta anameza ile kubwa kila anapopelekwa hospitali.

Dhana ya nne ni kuiamini mno dawa ya bluu. Salbutamoli, dawa iliyo ndani ya kopo hilo la bluu la kuvuta, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache na huleta nafuu ya haraka, jambo linalomfanya mgonjwa aione ndiyo dawa yenyewe, huku ile ya kinga, yaani steroidi ya kuvuta isiyoleta hisia yoyote, ikiachwa kabatini. Lakini salbutamoli haigusi uvimbe. Kwa sababu hiyo GINA, mpango wa kimataifa unaotoa miongozo ya pumu, tangu mwaka 2019 haupendekezi tena vijana wa miaka 12 na zaidi wala watu wazima kutibiwa kwa dawa ya nafuu ya haraka peke yake bila steroidi ya kuvuta. Anayehitaji dawa ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamshwa usiku na kikohozi, ana pumu isiyodhibitiwa, hata kama mchana anakimbia na wenzake. Wanaosema kwamba dawa ya kuvuta humzoeza mtu asiweze kuiacha wanakigeuza chanzo kuwa matokeo, kwani kinachorudi dawa ikiachwa ni ugonjwa.

Dhana ya tano ndiyo inayoua kwa haraka zaidi, nayo ni kwamba vidonge vya mzio, maziwa au kunywa maji mengi vinaweza kuuzuia mshtuko wa mzio. Vidonge vya kuzuia histamini hutuliza mwasho na vipele, lakini havipandishi shinikizo la damu wala havifungui koo. Dawa inayofanya kazi hiyo ni adrenalini. Sambamba na dhana hii ipo nyingine inayosema kwamba kipimo cha damu au cha ngozi kikionyesha mzio wa vyakula kumi, basi vyote kumi viachwe. Kipimo huonyesha kwamba mwili unakitambua kitu, si lazima kwamba kinaudhuru, na mtoto aliyenyimwa maziwa, mayai, samaki na ngano kwa karatasi tu hudumaa, na wakati mwingine hupoteza uvumilivu aliokuwa nao.

Yanayopaswa kufanywa

Hatua ya kwanza ni kuijenga upya ngozi kila siku. Mtoto aoge dakika tano hadi kumi kwa maji ya vuguvugu, asisuguliwe kwa dodoki, akaushwe kwa kubonyezwa taulo, kisha apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, kama vaselini, dakika chache baada ya kutoka majini wakati ngozi bado ina unyevu. Mafuta ya nazi yaliyo safi yanaweza kufaa kwa ukurutu mwepesi, lakini liwa, sabuni zenye harufu na mafuta yaliyochanganywa na udi huwasha. Krimu ya steroidi hupimwa kwa kidole: ukamuliwe mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza, ambao ni takriban nusu gramu na hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole. Wengi hupaka chini ya kiasi hicho kwa woga, wakaulaumu mrija.

Hatua ya pili inahusu chakula cha mtoto mchanga. Utafiti wa LEAP, uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali, mzio wa mayai au vyote viwili, na ukaonyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa. Kwa mtoto wa miezi sita hivi aliyekwisha kuanza vyakula vingine, kijiko kidogo cha siagi laini ya karanga kikorogwe ndani ya uji, kirudiwe mara kadhaa kwa wiki. Karanga nzima zisitumike kwa kuwa humpalia mtoto, na mwenye ukurutu mkali aonane na daktari kwanza. Kwa aliyekwisha kuwa na mzio, lebo za Kanada husaidia kwa sababu sheria inalazimisha vizio vikuu vitajwe waziwazi, vikiwemo ufuta na haradali. Hatari kubwa zaidi imo katika chakula kisicho na lebo, yaani halua yenye lozi na korosho, mkate wa ufuta, kashata, na kisamvu kilichoungwa kwa karanga kwenye hafla. Mpishi aulizwe bila haya, na kijiko cha sufuria moja kisihamishiwe sufuria nyingine.

Hatua ya tatu ni matumizi sahihi ya vifaa. Dawa ya kuvuta ipitishwe kwenye chemba ya plastiki inayoshikilia mvuke wa dawa, hata kwa mtu mzima: kopo litikiswe, pumzi zitolewe, midomo iibane chemba, mpulizo mmoja ufyatuliwe, dawa ivutwe polepole na ishikiliwe kifuani hadi sekunde kumi, mpulizo wa pili ufuate baada ya nusu dakika, na mdomo usukutuliwe baada ya steroidi. Adrenalini hudungwa upande wa nje wa katikati ya paja, hata juu ya suruali, pindi dalili za sehemu mbili za mwili zinapojitokeza pamoja baada ya chakula, kama vipele na kutapika, au pumzi inapobana. Kisha namba ya dharura ya 911 ipigiwe, mgonjwa alazwe na miguu iinuliwe bila kusimamishwa, isipokuwa akae akishindwa kupumua, na dozi ya pili itolewe baada ya dakika tano hadi kumi na tano asipopata nafuu. Hospitali ni lazima hata akipona, kwa kuwa dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Hatua ya nne ni moshi wa ndani. Katika nyumba yenye mgonjwa wa pumu, chetezo cha udi au ubani kizimwe, kwa maana chembe laini za moshi wake hukaa hewani kwa saa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi. Heshima ya mgeni haipungui kwa kukosa moshi. Mwezi wa Ramadhani nao hauhitaji kuwa mwezi wa mashambulio: dawa nyingi za kinga hutumiwa mara moja au mbili kwa siku, hivyo hupangwa wakati wa futari na daku, na kwa kuwa wanazuoni wametofautiana kuhusu dawa ya kuvuta mchana, kila mtu amuulize sheikh wake mapema, akikumbuka kwamba ruhusa ya mgonjwa kufungua ipo na wote wanaikubali.

Hatua ya tano ni kuidai nyumba. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Upangaji wa Makazi ya jimbo la Ontario ya mwaka 2006 kinamlazimu mwenye nyumba kuiweka katika hali njema ya ukaaji, na Kanuni ya Haki za Binadamu ya jimbo humtaka azingatie mahitaji ya mpangaji mwenye ulemavu, neno ambalo linaweza kuihusisha pumu. Ombi liandikwe, liwe na tarehe, picha za ukungu na barua ya daktari, na nakala ihifadhiwe. Lisipojibiwa, simu ipigwe 311, namba ya huduma za jiji, ambako mpango wa jiji wa RentSafeTO, ulioanza mwaka 2017, hukagua majengo ya kupangisha yenye ghorofa tatu au zaidi na nyumba kumi au zaidi, kisha shauri lipelekwe kwenye Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji. Kodi isizuiliwe, kwani kuizuia humpa mwenye nyumba sababu ya kumfukuza mpangaji. Dhidi ya mende na panya, ambao kinyesi na magamba yao ni vizio vikali, idaiwe mitego, chambo na kuzibwa kwa nyufa kabla ya dawa ya kupulizia, inayoweza kubana kifua.

Shule nazo zina wajibu ulioandikwa kwa gharama ya maisha. Sheria ya Sabrina, iliyoanza kutumika Januari 2006, iliitwa kwa jina la msichana wa miaka 13 aliyefariki mwaka 2003 kwa mshtuko wa mzio uliompata shuleni, nayo inazitaka shule za Ontario ziwe na mpango wa kila mwanafunzi mwenye mzio mkali. Sheria ya Ryan ya mwaka 2015 ilifuata kifo cha mvulana wa miaka 12 aliyeshikwa na pumu shuleni mwaka 2012, ikawapa wanafunzi haki ya kubeba dawa yao ya kuvuta kwa idhini ya mzazi. Mzazi apeleke mpango huo Agosti, aanze tena dawa ya kinga kabla ya shule kufunguliwa, na asisubiri mwalimu amuulize.

Kwa asiye na kadi ya bima ya jimbo, vituo vya afya vya jamii, kikiwemo Regent Park Community Health Centre kilichopo mtaani tangu miaka ya 1970, viliundwa kuwafikia watu wanaoachwa nje ya mfumo, na mgonjwa asisite kuomba mkalimani, kwa kuwa mpango wa pumu usioeleweka haufuatwi. Lakini jukumu lisiachiwe familia peke yake. Mamlaka zilizotumia miaka ishirini kuujenga upya mtaa huu kwa hoja ya afya zinapaswa kuzihesabu feni zinazofanya kazi, vichujio vilivyobadilishwa na kuta zilizokaushwa kwa uzito uleule zinaotumia kuzihesabu nyumba zilizokamilika, na madaktari wanapaswa kumuuliza kila mgonjwa wa pumu analala chumba cha namna gani kabla ya kumwongezea dawa. Hadi hayo yatakapofanyika, mikoba ya dawa itaendelea kujaa huku chanzo cha ugonjwa kikibaki ukutani.